Shirley (jina)

Shirley ni jina la Kiingereza lililoanza kama jina la mahali, likawa jina la ukoo na baadaye jina la kwanza. Zamani lilipotumika kama jina la kwanza walipewa hasa wavulana. Leo hii linajulikana zaidi kama jina la wanawake. Badiliko hilo lilianzia katika riwaya ya mwaka 1849.

Asili

Jina linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha Kale: *scir*, yaani "angavu", na *leah*, yaani "uwazi katika msitu". Neno *leah* limo pia katika majina Stanley ("uwazi wenye mawe") na Bradley ("uwazi mpana"). Nchini Uingereza kuna mahali kadhaa panapoitwa Shirley, kwa mfano katika Derbyshire, Solihull, Southampton na Croydon.

Jina la ukoo

Watu waliotoka mahali hapo waliitwa kwa jina la kwao, na watoto wao wakalirithi. Ukoo wa Shirley wa Derbyshire ulipata cheo cha Earl Ferrers mwaka 1711. Wengine wenye jina hili ni mwandishi wa tamthilia James Shirley (1596–1666) na William Shirley (1694–1771), aliyekuwa gavana wa koloni la Massachusetts.

Familia za Kiingereza zenye mali zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kiume jina la ukoo, mara nyingi la upande wa mama, liwe jina lake la kwanza. Ndiyo njia iliyopitiwa na Shirley pia.

Riwaya ya Charlotte Brontë

Mwaka 1849 Charlotte Brontë alitoa riwaya *Shirley*. Mhusika wake Shirley Keeldar ni mwanamke kijana mwenye mashamba na mali huko Yorkshire. Katika hadithi, wazazi wake walitamani mtoto wa kiume. Walipopata binti walimpa jina la kiume walilokuwa wamelikusudia. Wasomaji wa wakati ule waliliona kuwa jina la ajabu kwa mwanamke. Brontë mwenyewe alitumia jina la Currer Bell, lisiloonyesha kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Baada ya riwaya hiyo wazazi walianza kuwaita mabinti zao Shirley.

Karne ya 20

Jina lilienea sana Marekani wakati wa umaarufu wa Shirley Temple (1928–2014), aliyeigiza filamu akiwa mtoto mdogo. Miaka ya 1935 na 1936 Shirley lilikuwa jina la pili kwa wingi kati ya wasichana waliozaliwa nchini humo, nyuma ya Mary. Baadaye lilipungua. Temple alipokuwa mtu mzima alikuwa balozi wa Marekani nchini Ghana (1974–1976).

Wanaume walioitwa Shirley hawakutoweka mara moja. Mwandishi wa habari za michezo Shirley Povich (1905–1998) wa gazeti la *Washington Post* aliwahi kuorodheshwa kimakosa katika kitabu cha wanawake mashuhuri wa Marekani. Mwanamieleka Mwingereza Shirley Crabtree (1930–1997) alikuwa na jina la baba yake, lakini ulingoni alijulikana kama Big Daddy.

Watu wenye jina hili

- Shirley Graham Du Bois (1896–1977), mwandishi mzaliwa wa Marekani aliyeandika kitabu juu ya Julius Nyerere. Alifariki akiwa raia wa Tanzania
- Shirley Jackson (1916–1965), mwandishi wa Marekani
- Shirley Chisholm (1924–2005), mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani (1968)
- Shirley Strickland (1925–2004), mwanariadha wa Australia
- Shirley MacLaine (alizaliwa 1934), mwigizaji wa Marekani
- Shirley Bassey (alizaliwa 1937), mwimbaji kutoka Wales