Seva iliyokataa kuzima



Juzi stima ilipotea hapa Kombani. Seva ninayoitunza, yenye hesabu za chama fulani cha akina mama, ikabaki kwa betri. Nikaiamuru Apache izime taratibu, kwa graceful-stop. Dakika tano... wapi! Papara ikanishika, nikampiga mzazi kill -9. Stima iliporudi nikaiwasha, ikadai poti 80 tayari ina mwenyewe.

Kumbe jambo hili lina historia. Apache ilitoka mwaka 1995, viraka vilivyokusanywa juu ya seva ya NCSA aliyoiandika Rob McCool. Mtindo wake wa zamani, ambao bado upo, ni mzazi mmoja na watoto wengi: watoto wanahudumia wageni, mzazi anasikiliza amri. Ishara ya 15 ya Unix, TERM, ni ombi, na mzazi huwapitishia watoto. Ishara ya 9 programu haiisikii kabisa. Mzazi anakufa bila kuaga, watoto wanabaki wameishikilia poti. Ndiyo yaliyonikuta.

Kuzima taratibu kulikuja na Apache 2.2, Desemba 2005. Ishara za kawaida zilikuwa zimeshagawiwa: HUP na USR1 za kuanza upya, TERM ya kuzima. Wakachukua WINCH, ambayo kazi yake ni kuiarifu programu kwamba dirisha limebadilika ukubwa! Seva ya nyuma ya pazia haina dirisha, kwa hiyo hakuna neno. Lakini iendeshe mbele ya macho yako, vuta pembe ya dirisha, inazima. Docker ilipotoka mwaka 2013 kioja hiki kikawarudia wengi, maana ndani ya kontena Apache huendeshwa hivyo hivyo.

Sasa kwa nini yangu haikuzima? GracefulShutdownTimeout ikiachwa ilivyo ni 0, maana yake subiri milele. Mtoto mmoja alikuwa akingoja jibu la huduma ya SMS, na kisanduku cha intaneti kilikuwa kimezimika pamoja na stima. Nilipowaua watoto ili niipate poti, mchango mmoja ukabaki nusu: umo kwenye jumla, haumo kwa jina la mtu. Kodi mbovu ilikuwa yangu, nilituma SMS kabla ya kuandika jina.

Nimeweka sekunde 30. Mweka hazina bado anapitia daftari la karatasi kumtafuta mwenye mchango.