Pasta Aliyevua Kofia

Jumapili ijayo pasta wangu anastaafu. Wazee wa kanisa wamenipa dakika tatu niseme kitu kwa niaba ya vijana. Nimekaa na daftari tangu Jumanne, na nimegundua jambo lililonishtua kidogo. Miaka kumi na moja nimemsikiliza akihubiri, lakini hakuna hubiri hata moja ninaloweza kulirudia kutoka mwanzo hadi mwisho. Ninachokumbuka ni ile siku alipokuja kwetu baada ya matokeo ya kidato cha nne. Nilikuwa nimejifungia chumbani, sitaki kuona mtu. Alikaa na mama, akanywa chai, halafu akaniita akaniuliza kama ningeweza kumwangalizia spika ya kanisa iliyokuwa inakoroma. Basi. Hakutaja matokeo. Nilianza kushika mitambo ya sauti wiki hiyo, na ndiyo kazi inayonilisha mpaka leo.

Nikajiuliza, kwani kitu kidogo hivyo kina uzito gani? Jibu nimelipata kwenye historia ya Afrika Kusini, kwa mtu ambaye alipita pia hapa kwetu Afrika Mashariki. Hebu nikusimulie.

Desmond Tutu wengi wetu tunamjua akiwa mzee, askofu mkuu mwenye kicheko kikubwa na tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka wa 1984. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa kijana wa kawaida tu, aliyezaliwa Klerksdorp mwaka wa 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, mama yake alipika na kufanya usafi katika shule ya vipofu. Tutu alisimulia mara nyingi kwamba siku moja alikuwa amesimama na mama yake, akapita mzungu mmoja mrefu aliyevaa kanzu nyeusi ya ukasisi. Yule mzungu akavua kofia kumsalimia mama.

Sasa wewe unayesoma leo unaweza kusema, si ni salamu tu? Lakini fikiria mahali penyewe. Nchini humo mwanamke Mwafrika, tena mfanyakazi wa jikoni, hakuwa mtu wa kuvuliwa kofia na mzungu. Mtoto aliyekuwa akitazama alielewa, bila kuelezwa na mtu, kwamba mama yake ana heshima ambayo sheria za nchi hazikuitambua. Ilikaa ndani yake maisha yote.

Kasisi huyo alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza wa shirika la watawa wa Kianglikana. Alikuwa amefika Afrika Kusini mwaka wa 1943 kufanya kazi Sophiatown, mtaa wa Johannesburg ambako Waafrika waliweza bado kumiliki ardhi. Watu wa Sophiatown walimpa jina la Makhalipile, yaani mtu asiyeogopa.

Kama kofia ingekuwa mwisho wa hadithi, ingekuwa hadithi nzuri na basi. Lakini Tutu alipokuwa kijana wa shule alishikwa na TB. Akalazwa karibu miaka miwili. Wakati huo TB haikuwa ugonjwa wa kumeza dawa nyumbani halafu unarudi darasani. Wagonjwa wenzake walikuwa wakikohoa damu halafu wanakufa, na siku moja naye akaanza kukohoa damu. Muda wote huo Huddleston alikuwa akija kumwona, karibu kila wiki, na akimletea vitabu vya kusoma.

Hapo ndipo huwa nakwama. Huddleston alikuwa na parokia kubwa, shule za kusimamia, na serikali ya kupambana nayo. Kijana yule kitandani hakuwa na cheo. Hakuna kamera iliyokuwa ikimfuata, na hakuna aliyejua kwamba siku moja angekuwa Tutu. Kwa macho ya siku ile, alikuwa mvulana mgonjwa ambaye huenda angekufa. Hata hivyo, wiki ilipofika, padri alikuja. Kutia mtu moyo hakukuwa hotuba. Kulikuwa kuja, na kuja tena.

Na hakuwa Tutu peke yake. Katika shule ya St Peter's kulikuwa na mvulana mtundu aitwaye Hugh Masekela. Huddleston alipomuuliza ni nini kingemfanya atulie, kijana akajibu kwamba akipewa tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Akapewa tarumbeta. Vijana wengine nao wakataka ala, ikaundwa bendi ya shule, na baadaye Louis Armstrong mwenyewe akawatumia tarumbeta kutoka Marekani. Masekela akaenda nayo duniani kote. Ona tena jinsi ilivyokuwa. Padri hakumwambia kijana awe nani. Alimuuliza anataka nini, kisha akamwachia ala mkononi.

Urafiki huo uliwekwa kwenye mizani. Mwaka wa 1953 ilipitishwa sheria ya elimu ya Kibantu, iliyotaka mtoto wa Kiafrika asomeshwe kwa kiwango cha kuwa mtumishi tu. Huddleston aliona ni afadhali St Peter's ifungwe kuliko kukabidhiwa serikali ifundishe hayo. Tutu, ambaye alikuwa amekuwa mwalimu, naye baadaye aliacha kazi ya ualimu kwa sababu ya elimu hiyo hiyo, akaenda kusomea ukasisi. Mnamo Februari 9, 1955 polisi wenye silaha waliingia Sophiatown na kuanza kuwahamisha watu kwa malori hadi Meadowlands. Huddleston alipinga waziwazi. Mwanzoni mwa 1956, wakuu wa shirika lake walimrudisha Uingereza.

Mwaka huo huo wa 1956 Tutu na mkewe Leah walipata mtoto wao wa kwanza, mvulana. Wakamwita Trevor.

Mimi naona hiyo ndiyo shukrani iliyokamilika. Padri ameshaondoka nchini, hana cha kuwapa tena, na hakuna anayejua kama atarudi. Lakini jina lake litaitwa kila asubuhi katika nyumba ya Waafrika.

Na hapa ndipo historia inapokuja kwetu. Mwaka wa 1960 Huddleston alifanywa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika. Alijifunza Kiswahili, akaishi huko nchi ikipata uhuru mwaka wa 1961, na akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Mwaka wa 1968 aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na askofu Mwafrika. Hakung'ang'ania kiti. Aliendelea kupigana na ubaguzi akiwa Uingereza na Mauritius, akawa rais wa chama cha kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini kilichokuwa London, na akaishi hadi kuona ubaguzi huo ukianguka mwaka wa 1994. Alifariki mwaka wa 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, kwenye kanisa lake la zamani.

Najua kuna mtu ameshaanza kukunja uso. Kenya hii, mambo ya kusifu mapasta si rahisi. Tumeona Shakahola mwaka wa 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni kwa sababu watu walimwamini mhubiri. Tumeona wanasiasa wakiingia makanisani na pesa na wakitoka na maikrofoni. Kijana akisema siku hizi kwamba pasta ndiye amemjenga, marafiki zake wanamuuliza kama ameshatoa fungu la kumi la mwezi huu. Siwalaumu. Kushuku ni haki yetu, tena tumeilipia kwa maisha ya watu.

Lakini ndiyo maana naandika hii. Kama hatujui aliye mwema anafananaje, tutawakimbia wote au tutadanganywa na yeyote. Na nimejifunza kipimo kimoja kutoka kwa Huddleston. Angalia unabaki na nini pasta akiondoka. Mhubiri mbaya hukuacha mdogo. Unamhitaji ili uombe, ili ule, ili uamue chochote. Mwema hukuacha mkubwa. Unabaki na kitabu, na tarumbeta, na heshima ya mama yako, na miguu yako mwenyewe ya kusimamia. Tutu alisimama bila Huddleston kuwa karibu. Masekela vilevile.

Pasta wangu si Huddleston, na mimi si Tutu. Hakuna atakayeandika kitabu juu yetu. Lakini miaka kumi na moja amekuwa akinipigia simu, si ya kunikumbusha sadaka, ni ya kuuliza kama mama anaendelea vizuri na kama kazi inalipa. Nilipoacha kwenda kanisani karibu mwaka mzima, simu hazikuacha. Hakuniuliza hata siku moja ninarudi lini. Nilirudi mwenyewe.

Kwa hiyo dakika zangu tatu nimeshazipanga. Sitasema "mtumishi wa Mungu aliyetukuka," maana atacheka. Nitasimama nimwambie hivi: Pasta, ile spika nilikuwa sijui kuitengeneza. Niliidanganyadanganya tu kwa waya, na nadhani wewe ulijua. Asante kwa kuniomba.

Na wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyekutembelea wakati ambao hukuwa na faida yoyote kwake, usingoje aagwe ndipo useme. Mpigie leo.