Baraza la Kijiji Unyamwezini: Kutoka Iwanza hadi Mkutano Mkuu

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ambako leo ni Tabora, mwezi Novemba 1857, baada ya siku 134 za kutembea kutoka pwani. Burton aliandika karibu kila alichokiona, mara nyingi kwa dharau, lakini kuhusu vijiji vya Unyamwezi ametuachia maelezo ya thamani. Anasema vijiji vilikuwa na iwanza, nyumba za wote, na kwa kawaida kila kijiji kilikuwa nazo mbili: moja ya wanaume, nyingine ya wanawake, kila moja upande wake. Katika iwanza ya wanaume watu walishinda wakivuta tumbaku, wakitengeneza zana zao, wakipokea wageni na habari za njiani. Kwenye njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, habari zilikuwa nyingi.

Anayetaka kuielewa serikali ya kijiji ya leo, yenye mwenyekiti, mtendaji na muhuri, aanzie hapo, asianzie kwenye sheria za 1975 na 1982. Wanyamwezi walikuwa na mazoea ya kukaa pamoja na kuamua kabla serikali yoyote haijawaandikia utaratibu wa kufanya hivyo. Mazoea hayo yamepita katika mikono ya watemi, Wajerumani, Waingereza na vyama vya siasa. Kila utawala ulipobadilika, lililobadilika zaidi kule chini ni hili: kiongozi wa kijiji anatoa hesabu kwa nani?

Mtemi, yaani chifu, alikaa ikulu pamoja na banyamphala, wazee waliomshauri na kusimamia urithi wa kiti chake. Katika vijiji alikuwepo mwanangwa. Huyu ndiye aliyempokea mgeni, akamwonyesha pa kujenga na pa kulima, akasikiliza kesi ndogo na kupeleka kubwa kwa mtemi. Kazi ya kupokea wageni haikuwa ndogo, kwa sababu kijiji cha Kinyamwezi hakikuwa cha ukoo mmoja. Watu walihama kwa kufuata ardhi nzuri, kwa kukimbia ugomvi au vita, na wengine kwa sababu tu wamepata jirani mwema mahali pengine. Vijana walioshuka pwani na mizigo ya pembe za ndovu walirudi na nguo, shanga na mawazo mapya, na wengine hawakurudi walikotoka. Waliokaa pamoja waliunganishwa na ujirani.

Ndiyo maana mahakama ya kwanza ya Mnyamwezi ilikuwa majirani zake. Aliyekosa alitozwa mbuzi au pombe, na faini hiyo haikwenda kwenye hazina ya mtu. Majirani waliikalia wakala na kunywa pamoja. Mkaidi alisusiwa. Kwa watu wanaolima kwa kusaidiana, kususiwa kulikuwa kuzito kuliko mbuzi yeyote. Mwanangwa mwenyewe alijua kwamba akizidisha ubabe, watu watafunga virago na kwenda kwa mwanangwa mwingine. Ardhi ilikuwa tele, watu walikuwa wachache, na kiongozi asiye na watu si kiongozi.

Biashara ya misafara ilianza kuutingisha mpango huo. Hongo iliyotozwa misafara, pembe za ndovu na bunduki viliwapa watemi nguvu isiyotegemea wakulima wao. Mirambo wa Urambo alijenga dola yake kwa vita mpaka alipofariki Desemba 1884. Kusini, Nyungu ya Mawe aliyafunga maeneo ya Ukimbu chini ya watu aliowateua mwenyewe, vatwale, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuhakikisha pembe zinamfikia. Huyo tayari ni kiongozi wa eneo anayetazama juu.

Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, ulivunjwa na Wajerumani Januari 1893. Mtemi Isike, aliyekuwa amewapinga kwa miaka, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake askari wa Tom von Prince walipoingia, na Wajerumani wakamweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utemi, mahali pake. Miaka michache baadaye ikaja kodi ya kibanda. Hapo mwanangwa alipewa kazi iliyomharibia jina kwa vizazi viwili: kuhesabu nyumba za majirani zake na kuwadai.

Waingereza walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wakiwa wameiteka Tabora Septemba 1916, waliliboresha jambo hilo kwa upande wao. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya 1926, aliwafanya watemi kuwa serikali za wenyeji zenye hazina na mahakama, na ushuru wa kimila aliokuwa akiletewa mtemi ukageuzwa kuwa mshahara. Kwa karatasi, huo ulikuwa utawala wa Waafrika wenyewe. Kwa mkulima wa Sikonge au Nzega ulimaanisha kwamba mtemi na mwanangwa sasa wanalishwa na boma. Miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya malale, watu wa maeneo mengi ya magharibi walitolewa mashambani wakakusanywa katika makazi makubwa, na aliyepeleka amri nyumba kwa nyumba alikuwa yule yule mwanangwa. Simlaumu sana. Alikuwa katikati, na upande mmoja tu ndio uliokuwa na uwezo wa kumfukuza kazi.

Uhuru ulipokuja, Tabora haikuwa pembeni. Mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ulifanyika hapa hapa. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri wa nchi huru. Nyerere mwenyewe, kiongozi wa TANU na mwanafunzi wa zamani wa Tabora, alikuwa mtoto wa chifu. Hata hivyo mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria, na ngazi ya kijiji ikabaki na kamati za maendeleo na wajumbe wa nyumba kumi wa TANU. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikafutwa. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kwa malori. Sheria ya 1975 iliyafanya makazi hayo kuwa vijiji vyenye kaya zisizopungua 250, kila kimoja na halmashauri ya watu 25. Muundo ulikuwa mzuri, lakini ulifika kwa watu ambao hawakuulizwa wakae wapi, na kikao kilikuwa zaidi mahali pa kupokea maagizo.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu linaeleza zaidi kuliko sheria zote hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulizidi kati ya Kahama, Nzega na Shinyanga. Polisi walikuwa wachache na walikuwa mbali. Wanavijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia, kila mwanaume mwenye nguvu anatoka, na kijiji cha jirani kinaitikia. Hao ndio sungusungu. Kiongozi wao walimwita ntemi, ingawa utemi ulikuwa umefutwa karibu miaka ishirini. Hawakwenda kutafuta mtoto wa ukoo wa zamani. Walimchagua mtu wanayemwamini, na adhabu yao waliyoitegemea sana ilikuwa ile ile ya zamani, faini na kususiwa. Yalitokea maovu pia. Watu walipigwa, na kina mama wazee waliotuhumiwa uchawi waliteswa, jambo lisilo na utetezi wowote. Lakini serikali iliona nguvu iliyopo, ikawaunga mkono, na baadaye sheria ikawatambua.

Wakati huo huo serikali za mitaa zilikuwa zinarudishwa. Sheria Namba 7 ya 1982 ndiyo msingi wa vijiji tulivyonavyo, ambavyo nchi nzima vinazidi 12,000. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa kawaida na wa viti maalumu vya wanawake. Wanachaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 27, 2024. Kamati zinashughulikia fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Kijiji kilichosajiliwa kinaweza kushtaki na kushtakiwa, na kinaweza kutunga sheria ndogo zake.

Juu ya halmashauri hiyo upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unaotakiwa kukutana kila miezi mitatu. Ukifanyika inavyopaswa, ni kikao cha kutoa jasho. Mtendaji anasoma muhtasari wa mkutano uliopita. Yanafuata mapato na matumizi: ushuru wa gulio, mchango wa zahanati, faini za mifugo iliyoingia shambani. Mama mmoja wa nyuma anasimama kuuliza mbona mifuko ya saruji iliyosomwa ni mingi kuliko iliyoonekana kwenye msingi wa darasa. Mwenyekiti anamtazama mtendaji, na mtendaji anapekua daftari. Ni swali la dakika moja, lakini ndilo linalomrudisha kiongozi mbele ya waliomchagua.

Mara nyingi haifiki huko. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya na ripoti yake inaelekea wilayani; mwenyekiti hana mshahara, anaishi kwa posho ikipatikana. Akidi haitimii kwa sababu watu wako kwenye tumbaku, au kwa sababu mkutano uliopita waliitwa kuambiwa mchango tu. Mkutano ukiahirishwa mara mbili, hesabu hazisomwi nusu mwaka, na mwenyekiti anakuwa mwanangwa wa enzi ya kodi. Siamini kwamba wanavijiji wamechoka na vikao. Wamechoka na vikao visivyoamua kitu.

Vinapoamua, huonekana zaidi kwenye ardhi. Miombo ya Uyui, Sikonge, Kaliua na Urambo inatakiwa na wakulima wa tumbaku wanaohitaji mashamba na kuni za kukaushia, wafugaji wanaoingia na ng'ombe kutoka kaskazini, na warina asali wanaohitaji miti ibaki imesimama. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Kwa hiyo mfugaji anayetaka eneo, au mfanyabiashara kutoka mjini anayetaka ekari mia, anaandika barua kwa mtendaji. Kamati inakwenda kuliona eneo, halmashauri inalijadili na kuandika mapendekezo, kisha barua yake inasomwa kwa sauti mbele ya wote, na wanaolima jirani na eneo hilo wanasema wanachokijua. Mkutano ukikataa, halmashauri haina mamlaka ya kumpa.