Pamba ilitoka shambani kwetu, bei ikatoka kwingine



Tangu turudi toka kambi za Tanzania, swali moja halikosi katika mikutano yetu: tupande pamba tena? Vijana wengi wanasema ndiyo, sababu udongo tunao. Wazee wakisikia neno pamba wananyamaza. Kabla ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu, tumeona vema tukumbushane ile historia.

Zamani nguo hazikutoka mbali. Kule Maniema watu walichana majani machanga ya mwale, wakayakausha, wakafuma. Nyuzi za mwale hazisokotwi kuwa uzi mrefu, ndiyo maana kitambaa chake hakipiti urefu wa jani. Vile vipande vilivaliwa, na tena vilikuwa pesa. Aliyefuma, mali ilikuwa yake.

Katika karne ya 19 misafara ya Zanzibar ilipita Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Nyangwe. Ilileta amerikani, shuka iliyofumwa katika viwanda vya Marekani. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Polepole watu wakazoea kununua nguo badala ya kuifuma.

Kisha akaja Bula Matari. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kulazimisha kilimo, na pamba ikawa ya kwanza kati ya mazao ya lazima. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco. Kila kampuni ilipewa eneo lake, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuuza fasi ingine. Bei ilipangwa juu, yeye anaambiwa tu. Asiyelima alipata faini, jela, ao fimbo. Sheria ilihesabu siku 60 za kazi kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa hadi 120. Siku hizo zilitolewa kwenye shamba la mihogo na la mahindi. Sasa tunaelewa juu ya nini wazee wananyamaza.

Tuangalie pia safari ya pamba yenyewe. Ukichuma kilo 100, kinu cha kuchambua kinatenganisha nyuzi na mbegu, na nyuzi safi zinazobaki ni karibu kilo 35 tu. Sehemu kubwa ya ile ingine ni mbegu, yenye mafuta ya kupikia na mashudu ya kulisha mifugo. Nyuzi zinafungwa marobota, zinachanwa zilale upande mmoja, zinasokotwa kuwa uzi, uzi unafumwa, kitambaa kinatiwa rangi na kupigwa chapa. Kila hatua inaongeza bei. Mkulima alisimamishwa kwenye hatua ya kwanza, hata mbegu hakubaki nayo.

Hatua zingine zilikuja kufanyika hapa kwetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma hapa Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati ule. Kiwanda kilileta mishahara mjini, lakini bei ya mkulima haikuwa mikononi mwake bado. Leo mitambo imenyamaza. Vikwembe tunavyonunua sokoni, vingi vinatoka ng'ambo, na fundi wetu anabaki na hatua ya mwisho, kushona.

Kwa hiyo hatusemi pamba ni mbaya. Tunasema tusirudi kusimama fasi ileile. Mnunuzi akija na mbegu za mkopo, tumuulize kwanza: bei inapangwa lini, mbele ya kupanda ao kisha kuvuna? Mizani ni ya nani? Mbegu zikichambuliwa zinarudi kwa nani? Na familia iliyorudi juzi, ambayo ghala yake ni tupu, isiache mihogo kwa ajili ya pamba.

Marafiki wetu wafadhili, mkitaka kutusaidia katika jambo hili, mizani yetu wenyewe na kinu kidogo vitatufaa kuliko magunia ya mbegu.

Kila tawi lijadili maswali haya, liyaandike, liyalete kwenye mkutano mkuu. Na wazee waliolima ile pamba wapewe neno la kwanza.