Kijana Mwenye Mwavuli

Ukipanda matatu ya Kaloleni pale Mazeras, utapita Rabai kabla hujamaliza kutafuta chenji. Ukishuka na kutembea kidogo utaona kanisa kuukuu, makumbusho, na nyumba ndogo alimoishi Mjerumani mmoja, Johannes Rebmann. Nilienda huko kutafuta makala ya haraka ya kulipia kodi ya nyumba. Nilijua nitaandika nini hata kabla sijafika: Kilimanjaro, theluji, kwisha.

Si ndivyo tulivyofunzwa? Rebmann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Kilimanjaro, 1848. Jibu la alama moja. Lakini kuuona mlima ni kazi ya asubuhi moja, na jamaa huyu alikaa pwani yetu miaka 29. Hizo siku nyingine zote alikuwa anafanya nini?

Alitua Mombasa Juni 1846, akiwa na miaka 26. Umri wangu sasa hivi. Alitoka Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, akasomea umisionari Basel, kisha akatumwa na shirika la Kiingereza, CMS. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, mtu wa miaka 36 ambaye tayari alikuwa amemzika mkewe Rosina na binti yao mchanga ng'ambo ya kisiwa, mwaka wa 1844, muda mfupi tu baada ya kufika. Fikiria hiyo ndiyo siku yako ya kwanza kazini: bosi anakuonyesha kaburi.

Agosti mwaka huo wakahamia Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Walikuwa hapo kwa sababu wazee wa Rabai walikubali. Hili tunalisahau tukizungumzia wamisionari, kana kwamba walishuka tu na kuchagua mahali. Walikuwa wageni, na mgeni husubiri aambiwe akae wapi.

Halafu siku za kawaida zikaanza. Kujenga nyumba. Kuugua. Kupata nafuu. Kwenda kijiji cha pili kuwasalimu watu, na kuwakuta wote wako shambani. Kurudi. Kuugua tena. Krapf ameandika kwamba mzee mmoja alimweleza wazi kabisa kuhusu ibada: ukitaka watu waje, toa wali na ng'ombe, kwa sababu hakuna mkutano wa heshima bila chakula. Mimi namwelewa huyo mzee. Hata leo, ita watu ukumbini bila chai uone watakaokuja.

Na tusiwapambe hawa vijana. Waliandika mambo makali kuhusu waliowakaribisha. Waliwaita Wanyika, watu wa porini, jina ambalo Wamijikenda wamelikataa. Walikuja kufundisha, wala hawakudhani wao ndio wangekuwa wanafunzi.

Aprili 1848 Rebmann akaondoka kwenda Uchagga, na msafara ukiongozwa na Bwana Kheri. Hakubeba bunduki. Alibeba mwavuli. Tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima, akamuuliza kiongozi wake ni nini. Kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi. Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alibisha. Ati theluji karibu na ikweta? Huyo kijana ana homa. Watu wa kubishana na aliyekuwepo hawakuanza jana.

Mwaka wa 1849 Rebmann alirudi Uchagga akitaka kupita hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame akamwishia bidhaa zote alizobeba za kulipia safari. Akarudi Rabai mikono mitupu. Hakuwa na mlima mwingine wa kuona.

Hapo ndipo hadithi ya shuleni inapokatika, na mimi ndipo iliponishika. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa nusu ya sababu. Kila Krismasi shangazi yangu huniuliza, kwa upole unaouma kuliko matusi, "Sasa mwanangu, siku hizi unafanya nini hasa?" Rebmann naye alikuwa na watu wa kumuuliza hivyo, ofisini London, na walitaka idadi: umebatiza wangapi? Miaka ilipita na jibu lilibaki la kuhesabika kwa vidole. Krapf aliondoka 1853, afya ikiwa imemshinda. Rebmann akabaki. Alikuwa amemuoa Emma, mjane Mwingereza, huko Cairo mwaka wa 1851. Mtoto wao alikufa mchanga. Emma naye akafa 1866. Rebmann akaendelea kukaa. Hakurudi Ulaya hata mara moja.

Alichokuwa anafanya ni kuuliza. Hiki mnakiitaje? Na hiki? Na kikiwa viwili? Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kirabai na ndugu zake, na ya Kinyanja. Kinyanja, Rabai? Ndiyo. Kilifika pwani pamoja na watu waliokamatwa upande wa Ziwa Nyasa wakauzwa. Mmoja wao aliitwa Salimini, mtumwa. Huyo ndiye aliyekuwa akikaa na Rebmann na kumpa lugha ya kwao, neno baada ya neno.

Hiyo picha siwezi kuiondoa akilini. Mmoja ameacha kwao kwa hiari, anaweza kurudi akitaka. Mwingine amenyang'anywa kwao, na kilichobaki ni maneno. Wanakaa chini, mmoja anauliza, mwingine anajibu, kwa kazi ambayo hakuna bosi aliyekuwa anaihesabu.

Mwaka wa 1875 Rebmann aliondoka, akiwa karibu kipofu kabisa. Aliyemsindikiza hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Rabai. Aliyekuja kuonyesha njia aliongozwa njia. Alifia Korntal, Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyanja ikatoka 1877. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ikafuata 1882, na ile ya Kirabai, yenye majina yao wote wawili, 1887. Rebmann hakuona hata moja kati ya hizo tatu.

Jalada la kamusi ya Kinyanja lina jina la Rebmann, na la Krapf aliyeihariri. Salimini hayupo kwenye jalada. Kwa hiyo ukiulizwa mahali popote Rebmann ni nani, jibu la alama moja lipo na ni sahihi. Ila ongeza la pili hata kama halina alama: alimsikiliza mtu anayeitwa Salimini.

Makala ya haraka sikuandika. Kodi nililipa nikiwa nimechelewa. Krismasi hii shangazi akiniuliza, nitamwambia nakusanya maneno, na nitamwambia ni ya nani.