Ubini wa Mjini

Anayetafuta asili ya jina la familia ya Dar es Salaam akianzia kwenye kabila atapotea mapema. Familia nyingi za mjini zinaitwa kwa jina la mtu mmoja, yule aliyetangulia kufika akapata kazi na nyumba. Ukoo wake ulibaki alikotoka. Familia ya Sykes inalithibitisha hili waziwazi. Mwaka 1889 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alileta askari wa Kizulu kutoka Msumbiji wapigane na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, na mmoja wa askari hao alikuwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alifuatishwa jina la baba kama ilivyo desturi ya pwani, akawa Kleist Sykes. Mbuwane, jina lililobeba Uzulu wao, likakomea hapo. Lakini Abdulwahid, Ally na Abbas, wana wa Kleist, hawakuchukua la baba yao. Walibaki na Sykes, na jina la mtu likawa la familia. Kwa hiyo anayedhani Sykes ni dalili ya damu ya Kizungu ameongozwa na sikio tu.

Temeke nako kuna ushahidi. Mtoni kwa Azizi Ali paliitwa kwa jina la Mdigo aliyekuwa mkandarasi wa majengo. Wanawe, Dossa aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU mwaka 1954, na Hamza aliyekuja kuongoza jeshi la polisi, walijulikana kwa jina la Aziz. Ali, jina la babu yao, linatajwa zaidi na makondakta wa daladala wanapoita kituo. Atakayepinga atanitajia akina Mushi na Massawe wa Kinondoni, na pingamizi lake lina uzito, kwani hayo ni majina ya koo kweli. Ila yaliteremka kutoka Kilimanjaro yakiwa yamekwisha kukamilika; mji haukuyaunda. Akinitajia Pazi la Wazaramo, hilo lilikuwa cheo cha watawala, na wawili wanaoitwa Pazi hawawi ndugu kwa sababu hiyo pekee.

Ndiyo maana kumuuliza mzee kabila lake hakutoshi. Aulizwe nani alitangulia, na alifikia kwa nani. Sykes Mbuwane alipokufa, Kleist alilelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenziwe baba yake, na Plantan nalo likawa ubini wa wana wa mlezi huyo, Thomas na Schneider Abdillah.