Dalali, Fundi na Mnunuzi: Nani Amewahi Kumtumikia Anayenunua Nyumba Mwanza?

Katika mijadala yetu kuhusu madalali wa nyumba na viwanja, lawama hukimbilia tabia: dalali ni mwongo, dalali ana tamaa. Sina hamu ya kumtetea, lakini maelezo hayo hayatoshi. Hayaelezi kwa nini, katika jiji lenye maofisa ardhi, wapima, wathamini na wahandisi, mtu anayenunua nyumba Mkolani au Buswelu huwa peke yake siku ya kuhesabu fedha. Hoja yangu ni kwamba taaluma zote hizo zilikua zikiitumikia dola, na baadaye benki. Hakuna iliyozaliwa kumtumikia mnunuzi, na katika pengo hilo ndipo dalali alipojenga kibanda chake.

Katika Usukuma wa zamani ardhi iligawiwa na mwanangwa chini ya mamlaka ya mtemi. Mgeni alionyeshwa mpaka mbele ya majirani, minyaa ikapandwa, shughuli ikaisha. Nisiupambe mfumo huo: mwanangwa alikuwa na upendeleo wake, na kwa kawaida mwanamke aliifikia ardhi kupitia mume au baba. Hata hivyo, aliyeonyesha mpaka aliendelea kuishi jirani na mpaka huo, na uongo wake ungemrudia msimu wa kulima. Serikali huru ilipofuta utemi mwaka 1963, ilikuwa na sababu zake za kisiasa. Lakini pamoja na utemi aliondoka shahidi ambaye hakulipwa kwa kufanikiwa kwa mauzo.

Tayari sheria ilikuwa imekwisha kuifanya ardhi iwe kitu kisichouzika. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliihesabu ardhi iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Nasi mwaka 1963 tukazigeuza milki za kudumu kuwa za kupangishwa na serikali. Ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichoweza kuuzwa ni maendelezo, yaani ukuta, bati, miembe. Mthamini wetu alikulia hapo: kazi yake kubwa ilikuwa kukokotoa maendelezo hayo serikali ilipohitaji kulipa fidia au kutoza kodi. Hakuulizwa kama nyumba inafaa kuishi.

Mwaka 1971 majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo wenyewe hawakuyakalia yote, yakachukuliwa na serikali na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Soko la nyumba za katikati ya miji likafifia, wala mji haukuacha kukua. Mwanza, ukuaji ulipanda milimani: Igogo, Mabatini, miteremko ya Bugando na Isamilo. Huko nyumba zilijengwa katikati ya majabali, kwa sehemu kubwa bila upimaji, na zikauziana bila hati. Aliyejua nani anauza, nani amerithi na uwanja upi una kesi alikuwa dalali. Alikuwa masijala inayotembea kwa miguu, tena masijala pekee. Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zilipokubali kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua mlango wa kuuza hata ardhi isiyoendelezwa, soko lililokuwa gizani lilikuwa na miongo ya mazoea yake.

Mazoea hayo mnayajua. Dalali hulipwa pale tu fedha zinapobadili mikono, mara nyingi kwa asilimia ya bei, asilimia 10 ikitajwa sana. Au huweka cha juu, akamtajia mnunuzi bei ambayo mwenye nyumba hajawahi kuisikia. Malipo ya namna hiyo yanamfanya mkaguzi yeyote kuwa adui. Niliwahi kumsindikiza mwenzangu kutazama nyumba kwenye mteremko mmoja jijini. Alikuja na fundi wake, mzee mkimya aliyepita akigonga lipu kwa kifundo cha kidole. Fundi aliuliza mambo mawili: shimo la choo lina kina gani, na maji ya mvua yanayotoka juu ya jabali hupita wapi. Hakujibiwa hata moja. Dalali alitugeukia sisi akasema fundi huyo anatafuta kazi ya ukarabati, na kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu.

Anayeijua Mwanza ataona kwamba maswali yale hayakuwa ya kichokozi. Juu ya mwamba wa itale shimo la choo haliendi chini linavyotakiwa. Hufurika, na kinachofurika humshukia jirani wa chini. Na ukweli kuhusu tuhuma ya dalali ni kwamba haikuwa ya kipuuzi kabisa: fundi anayelipwa na ukarabati naye ana sababu ya kuona nyufa. Palikosekana mtu wa tatu.

Ufukweni mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Mvua za mwaka 1961 hadi 1964 zilipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2. Sheria ilipotungwa maji yalikuwa yanarudi nyuma, na mwaka 2006 yalikuwa chini kuliko yalivyokuwa kwa miongo mingi. Aliyeuziwa kiwanja wakati huo aliona nchi kavu iliyo ziwa lililoondoka kwa muda. Mwaka 2020 lilirudi, likaifikia na kuipita kidogo rekodi ya 1964. Kumbukumbu za kina cha maji zipo. Hakuna aliyewajibika kumsomea mnunuzi.

Si kwamba ugomvi huu ni wetu peke yetu. Huko California mwaka 1976 mtu alinunua nyumba ya mteremkoni, iliyojengwa juu ya udongo wa kujazia. Muda mfupi baadaye ardhi ikaporomoka. Katika shauri la Easton dhidi ya Strassburger, mwaka 1984, mahakama ya rufani iliamua kwamba wakala aliyeona dalili, kama vile sakafu iliyopinda na wavu uliotandazwa kushikilia mteremko, alipaswa kuchunguza na kumweleza mnunuzi. Mawakala wakaogopa dhima, na wengi wakaanza kuwahimiza wateja kuajiri wakaguzi. Kumbe mkaguzi alikaribishwa baada ya ukimya kuwa na gharama.

Kwetu mthamini ana sheria yake ya mwaka 2016, na bodi inayoweza kumfuta. Dalali wa kijiweni hana dhima inayolingana na hiyo, wala sioni faida ya kumfukuza, kwa kuwa maarifa yake bado yanahitajika. Watumishi wa ardhi mnaosoma hapa mnaweza kuanza na karatasi ya mauziano inayogongwa muhuri katika ofisi za mitaa. Ina nafasi ya muuzaji, mnunuzi, mashahidi na bei. Ongezeni mistari mitatu: umbali kutoka ziwani, kina cha choo, njia ya maji ya mvua. Kisha dalali atie sahihi chini yake, kwa jina lake kamili.